Mashimo Juu ya Macho

Habari za farasi zilikuwa zinatufikia kwa simu ya kaka yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nazisoma. Kaka aliacha shule akiwa darasa la tatu. Mimi nilimaliza la saba, na kwa familia yetu hiyo ilitosha kunifanya karani. Jioni tukishalisha tulikaa kwenye ngazi ya banda, ananipa simu, nasoma kwa sauti naye anasikiliza amefumba macho.

Grupu lilikuwa la masaisi, watunzaji wa farasi wa mbio, wa huku kwetu na wa ng'ambo ya mpaka. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuonana. Walijuana kwa farasi. Mmoja anaandika kwamba jike wao amezaa dume, mguu mmoja wa nyuma mweupe. Mwingine anaandika kwamba yule mwekundu ameshika wa tatu Jumapili, na angeshika wa kwanza kama aliyempanda asingelala kwenye kona. Walitaniana sana. Siku moja mtu aliambiwa farasi wake anakimbia kama aliyetumwa dukani na shangazi, na kaka akacheka mpaka akanitaka niisome tena.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuandikwa kwa maneno. Farasi akifa, saisi wake alimvua hatamu, akaitundika kwenye mlango wa chumba alichokuwa analala, akapiga picha na kuituma. Basi. Wengine walijibu pole, mmoja baada ya mwingine, na hatamu haikuteremshwa mpaka kila mtu awe amesema pole. Ilikuwa heshima, lakini ilikuwa na kazi yake pia. Ukiona hatamu imetundikwa, unajua kwamba katika zizi lile hakuna farasi atakayeingia wala kutoka mpaka ijulikane mwenzake amekufa na nini. Hakuna ofisi iliyowaamuru. Walikuwa wanaaminiana tu.

Shamba letu lilikuwa kati ya Kilosa na Mikumi, palipokuwa na mkonge zamani. Babu yetu aliletwa kuukata huo mkonge, baba akaishia kwenye reli, na sisi wajukuu tukarudi kwenye ardhi ile ile kulisha farasi. Mwenye shamba aliishi Dar es Salaam. Alitaka farasi wa uzao halisi wa mbio, wale ambao kila mmoja ana kitabu cha ukoo wake mpaka kwa mababu wa mababu. Kila aliyejua farasi alimwambia bonde lile halifai. Kuna mbung'o, kuna usubi, na jirani kuna hifadhi yenye punda milia, ambao hubeba ugonjwa wa farasi mwilini bila wenyewe kuugua. Usubi ukimuuma punda milia kisha ukamuuma farasi, farasi ndiye anayekufa. Mwenye shamba aliwasikiliza wote, akaweka nyavu madirishani, akaleta farasi sita.

Mwaka ninaousimulia walikuwa wamebaki wawili. Mmoja alikuwa dume mzee aliyehasiwa, hana kazi tena, tulimwita Mzee tu. Wa pili alikuwa jike ambaye kaka alimpokea kwa mikono yake siku aliyozaliwa. Mtoto wake wa kwanza alishika wa pili katika mbio za ng'ambo, na grupu zima liliandika siku ile kwamba Kilosa nako kuna watu. Kaka alinifanya nisome pongezi zote, hata zile za picha ya mkono tu, bila maneno.

Sasa jike alikuwa na mimba ya pili, zimebaki wiki tatu. Ilikuwa imepangwa apelekwe kaskazini kwenye baridi, kwa saisi mmoja mtu mzima aliyekuwa rafiki wa kaka kwenye simu, azalie huko mbali na usubi. Kaka hakuwa na mtoto. Sisemi kwamba farasi alikuwa mtoto wake, yeye mwenyewe angechukia kusikia hivyo. Nasema tu kwamba asubuhi alianza kumsalimia yeye kabla yangu.

Mvua za masika zilichelewa kuisha. Zilipokwisha, hatamu zikaanza kuonekana kwenye simu. Ya kwanza ilitoka mbali, magharibi. Tukaandika pole. Ya pili ilitoka upande wa pwani. Ya tatu ilitoka Morogoro, na siku hiyo kaka hakufumba macho nilipokuwa nasoma. Alisimama akaenda kuangalia nyavu. Chanjo ya mwaka ule ilikuwa haijatufikia. Kuanzia hapo tulikuwa tunawafungia farasi saa kumi na moja kabla jua halijapoa, tunachoma mavi makavu ya ng'ombe ambayo tulipewa na wafugaji majirani, na banda linajaa moshi mpaka tunakohoa sisi na farasi wote. Halafu kaka anapita na kidole gumba.

Farasi ana kashimo juu ya kila jicho. Kwa kijana ni kadogo. Kwa mzee ni kakubwa, unaweza kutia kidole kikazama. Kaka alipima mashimo hayo kila jioni, kwa sababu ugonjwa ule hujionyesha hapo. Mimi aliniambia neno moja tu: ukiona uvimbe juu ya macho, niite. Nikawa najua hivyo, uvimbe.

Ndipo baba mkwe wake akafariki huko Lumuma. Huwezi kumwambia mkeo huendi kumzika baba yake kwa sababu ya farasi. Kaka aliondoka asubuhi na mkewe, akaniachia mavi ya ng'ombe, kipimo cha joto ambacho sikujua kukitumia vizuri, na kazi ya kidole gumba.

Siku ya kwanza mashimo ya Mzee yalikuwa kama kawaida, kidole kikazama. Siku ya pili yalikuwa yamepungua. Siku ya tatu yalikuwa hayapo. Paji lake lilikuwa sawasawa, laini, kama la farasi wa miaka minne. Nilitafuta uvimbe sikuuona, kwa kuwa hakuna kitu kilichokuwa kimechomoza. Kilichotokea ni kwamba shimo lilikuwa limejaa. Mimi nilifurahi. Nilikuwa namwongezea pumba kila siku kwa kumwonea huruma, nikadhani amenenepa.

Kaka alipanda mlimani kutafuta mtandao akanipigia kwenye simu yangu ndogo. Aliuliza habari za jike kwanza, nikamwambia anakula. Akauliza Mzee.

"Mzee amenawiri, kaka," nikasema. "Yale mashimo yamejaa, anaonekana kijana."

"Yamejaa tangu lini?"

"Leo yamejaa kabisa. Jana yalianza."

"Nakuja," akasema.

Alifika kesho yake kabla ya saa sita kwa bodaboda kutoka Kilosa, tope mpaka magotini, bado amevaa koti la msibani. Mzee alikuwa ameshaanguka. Povu lilikuwa linamtoka puani, jeupe, jingi, kama mtu amemimina sabuni. Hakuna tulichoweza kufanya. Kaka alipiga magoti akamshika sikio mpaka alipotulia.

Halafu alikwenda kwa jike. Alimpima mashimo, alimpima joto, akampima tena. Akasema yuko sawa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshamvua Mzee hatamu na naelekea mlangoni kuitundika. Sikuwaza, ndivyo ilivyokuwa desturi.

"Usiitundike," kaka akasema nyuma yangu.

Nikamwambia lori la kumchukua jike linakuja keshokutwa, na wa kaskazini lazima wajue. Alikuwa amegeukia ukuta.

"Ukiitundika jike hatoki. Asipotoka anafia hapa na mtoto tumboni. Umemwona huyu alivyokufa?"

"Na kama anao tayari?"

"Hana. Nimempima."

Aliichukua hatamu mkononi mwangu akaisukumia ndani ya gunia la pumba. Mwenye shamba alipigiwa simu akaambiwa Mzee amekufa kwa uzee. Akasema azikwe vizuri. Kibali cha kumsafirisha jike kilikuwa kimeshatoka wiki iliyopita, hakuna aliyekuja kuuliza tena.

Aliyeuliza alikuwa mmoja. Jioni ya kuamkia safari yule saisi wa kaskazini aliandika, nikasoma kwa sauti kama siku zote. Alimpa kaka pole ya mkwe. Alisema ameshatandaza majani makavu, chumba cha mgeni kiko tayari. Halafu akaandika hivi: "Nikuulize kama saisi kwa saisi. Huko kwenu hakuna kitu? Nina majike wanne hapa."

Kaka alikaa akiangalia moshi.

"Mwandikie huku salama," akasema.

Nataka hapa niseme ukweli, maana kaka hayupo na mimi nipo. Yeye hakujua kuandika. Kama ningeirudisha ile simu mapajani mwake nikasema sitaandika, maneno yale yasingekuwepo duniani. Nilikaa nayo kidogo mpaka kioo kikazimika. Nikakiwasha tena. Nikaandika: Huku salama.

Jibu likaja pale pale. "Ahsante kaka. Basi nitalala."

Lori lilitoka Kidodi. Lilikuwa la kubebea miwa, limezungushiwa magunia yaliyojazwa nyasi ili farasi asijigonge. Dereva alikuwa mtu wa maneno. Alimtazama jike, akatazama kile kitabu cha ukoo nilichokishika, akasema, "Kumbe ana kitabu. Mimi babu yangu wa pili simjui." Kaka akamwambia aende polepole kwenye matuta. "Nimezoea miwa, mzee. Miwa haina mimba," dereva akajibu, na hakuna aliyecheka ila yeye.

Siku zote kaka aliwasindikiza farasi wake mwenyewe. Safari hii alisema lazima arudi Lumuma kumaliza matanga. Ilikuwa kweli, matanga hayakuwa yamekwisha. Lakini nilijua hawezi kwenda kusimama mbele ya yule mtu. Nikapanda mimi, nikakaa nyuma kwenye debe, mkono wangu kwenye shingo ya jike.

Baada ya Mikumi barabara inapita katikati ya hifadhi. Punda milia walikuwa wamesimama karibu na lami, wengi, wamenona. Jike aliwanusa kabla sijawaona. Akainua kichwa akalia mara moja, sauti ndefu, na wote kwa pamoja wakageuka kututazama. Hawakukimbia. Dereva alipaza sauti kutoka mbele kwamba wanamfahamu ndugu yao. Niliivuta turubai nikaifunga, ingawa joto lilikuwa kali.

Tulifika kesho yake. Yule saisi alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha chai kabla ya kuuliza lolote. Alimshusha jike taratibu kwa kumsemesha kama watu wasemeshavyo wagonjwa. Akampima mashimo kwa kidole gumba, namna ile ile ya kaka, nikaona aibu kumwangalia.

"Safi," akasema. "Kaka yako akisema salama, mimi simuulizi mara mbili."

Alinionyesha majike wake wanne, kila mmoja na tabia zake. Mmoja alikuwa anapenda kulamba vifungo vya nguo. Alilamba changu.

Ningeweza kusema pale. Alikuwa amesimama karibu yangu, kikombe mkononi, na jike alikuwa bado uani, hajaingizwa ndani. Nilikunywa chai.

Siku ya sita tangu nirudi, tukiwa kwenye ngazi, picha iliingia. Hatamu niliitambua, ni ya jike wetu, nilimvalisha mimi. Kwa kuwa picha haisomeki kwa sauti, nilimpa kaka simu mkononi. Aliitazama muda mrefu. Kwenye grupu pole zilianza kuingia, mlio mmoja baada ya mwingine, kila mlio kaka anashtuka. Mtoto alifia tumboni.

Baadaye yule saisi aliandika kwa kaka peke yake. Nililazimika kusoma. "Kaka nisamehe. Uliniamini na jike wako, nami nimemuua. Usubi wa huku kwangu ndio uliomuuma, sikujua umefika."

Kaka akasema nisijibu.

Nikamwambia, "Anadhani ni yeye."

"Nimesikia," akasema, akaingia ndani ya banda lisilokuwa na kitu.

Baada ya wiki mbili ilikuja hatamu nyingine kutoka zizi lile. Kisha nyingine. Ya tatu nilijua ni ya yule mlamba vifungo, kwa sababu ngozi ya hatamu ilikuwa imetafunwa pembeni. Wa nne alipona, lakini walisema hataweza kuzaa. Kila picha ilipoingia nilimuuliza kaka niandike nini, naye alisema andika pole. Nikaandika pole mara tatu kwa jina lake.

Mwenye shamba alifunga banda mwaka ule ule. Nyavu ziliondolewa, wafugaji majirani wakaomba mabati. Tulihamia kwenye nyumba ya marehemu mama, huko Mabwerebwere. Kaka alilima mahindi kidogo na hakuulizia tena habari za farasi. Simu ilibaki na mimi. Sikulitoka grupu. Nilikuwa nasoma peke yangu, kimya, wakati napika.

Mwaka uliofuata figo zake zilianza kumsumbua. Asubuhi aliamka uso umejaa maji, mchana unapungua. Tulikwenda hospitali, tukarudi, tukaenda tena. Asubuhi moja nilimpelekea uji akiwa amekaa kitandani, jua linaingia dirishani. Alichukua mkono wangu, akakiweka kidole changu gumba juu ya jicho lake, pale chini ya nyusi.

"Nipime."

Nikabonyeza. Ngozi ilikuwa imekaza, na kidole kilipotoka kiliacha alama.

"Yamejaa?"

"Yamejaa, kaka."

"Safari hii umeona." Alitabasamu kidogo. Uji hakuugusa. Akasema, "Mwandikie."

Nilijua nani na nini. Nikamwambia anywe uji kwanza, akipata nafuu tutaandika pamoja, atanitajia yeye maneno. Akasema hakuna maneno ya kutaja, ni habari ya kifo cha Mzee tu. Nikasema sawa, kesho. Kesho nikasema kesho. Sikuwa namkatalia. Nilikuwa naogopa yule mzee wa kofia ya sufu asome wakati kaka yu hai, halafu apige simu, na mimi nimpe kaka ile simu mkononi. Kaka akafariki Alhamisi, sijaandika.

Tulimzika. Watu walikuja, wa kanisani na wa msikitini, na wengi walizungumzia reli na mkonge, na jinsi baba alivyokuwa. Farasi hakuna aliyewataja. Matanga yalipokwisha na wageni kuondoka, niliingia stoo. Gunia la pumba tulikuwa tumehama nalo bila kulifungua, pumba imeshika ukungu. Nikaingiza mkono. Hatamu ilikuwa chini kabisa, panya wamekula kamba moja.

Niliifuta kwa kanga yangu. Nikaitundika kwenye mlango wa chumba cha kaka, nikapiga picha na simu yake, nikaituma kwenye grupu kwa jina lake.

Jibu la kwanza lilikuwa la utani. "Kilosa mmefufuka! Tangu lini mna farasi wa kufa?" Halafu mwingine akauliza, ni nani tena huyo.

Nikaandika. Niliandika kwamba ni hatamu ya yule dume mzee, kwamba alikufa siku mbili kabla lori halijamchukua jike, na kwamba alikufa na mashimo yamejaa. Niliandika kwamba kaka amefariki na kwamba anayeandika ni mdogo wake wa kike. Nikaituma.

Ilisomwa. Naona walioisoma, simu inaonyesha. Hakuna aliyeandika. Mchana simu ikaita, na ilikuwa sauti niliyoijua, ingawa imezeeka.

"Shikamoo," nikasema.

Aliitikia. Hata siku ile aliitikia.

"Nilipouliza kama hakuna kitu," akasema, "yule dume mzee alikuwa ameshazikwa?"

"Ameshazikwa."

"Na kaka yako hakujua kuandika, sivyo? Aliwahi kuniambia tulipoongea kwa simu."

"Hakujua."

"Kwa hiyo ni wewe uliyeniandikia nilale."

Nilisema ndiyo, ni mimi. Nyuma yake farasi mmoja alikuwa anagonga mlango wa banda kwa kwato, anataka chakula, bila shaka yule aliyebaki. Nilingoja aseme lolote, hata la kunilaani. Alikata simu taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Hiyo ni miezi mitatu sasa. Masika yameisha, na jioni hapa Mabwerebwere usubi unaelea juu ya mitaro, unang'aa jua likiupiga. Juzi picha ya kwanza ya mwaka huu imeingia, kutoka magharibi tena. Wenzangu wakaandika pole. Na mimi nikaandika, halafu nikafuta kabla sijatuma, kwa kuwa sijui kama pole yangu bado inapokelewa.

Hatamu ya Mzee ipo mlangoni. Wifi yangu ameuliza mara mbili kwa nini siiondoi, inamkwaruza akipita na ndoo. Nimemwambia desturi yake huteremshwa watu wakishasema pole. Akaniuliza wangapi wamesema.

Nikamwambia bado.